Nani Alibeba Vita? Makumbusho ya vita na njia ya msafara ya Tabora



Nimeombwa nizungumze juu ya makumbusho ya vita: namna yanavyowaeleza wananchi vita vya zama zetu, na namna yanavyopaswa kuvieleza. Mwenye haraka atauliza mada hii imeingiaje Tabora, mji usio na jumba lenye jina hilo. Nitamjibu kwamba makumbusho ya vita tunayo tangu zamani, ila mlangoni tumeandika jina jingine. Nitaanzia hapo, nipite Septemba 1916, nifike Ulyankulu na Kagera, kisha nitoe mapendekezo. Safari nzima nitakuwa na swali moja: vita hivi vilibebwa na nani? Makumbusho mengi duniani hupima vita kwa silaha. Watu wa njia ya msafara wamevijua vita kwa mzigo, nami nadai kwamba kipimo chao ndicho kinachosema kweli zaidi.

Tembe la Kwihara

Nje kidogo ya mji, pale Kwihara, lipo tembe linaloitwa la Livingstone. Wageni hulijia kwa sababu ya mmisionari na mwandishi wa gazeti aliyemtafuta. Lakini mwezi Agosti 1871 tembe hilo lilikuwa ngome.

Mwandishi huyo, Henry Morton Stanley, alifika Unyanyembe Juni mwaka huo akiitafuta njia ya Ujiji, akakuta imefungwa. Aliyeifunga ni Mirambo, ambaye alikuwa akiijenga dola yake upande wa magharibi na kudai hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliopita nchini mwake. Wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walikata shauri kumpiga, na Stanley akaingia vitani upande wao, bendera ya Marekani ikitangulia. Waliishambulia Ulyankulu, wakaiteka, wakachukua pembe za ndovu, nguo na watumwa. Mirambo hakupigana nao getini. Aliwavizia njiani wakati wa kurudi, walipokuwa wameelemewa na nyara, akawapiga katikati ya majani marefu. Stanley mwenyewe alikuwa kambini, amelala na homa. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakuu wa wafanyabiashara, akauawa. Huku Kwihara Stanley aliamuru kuta za tembe zitobolewe matundu ya bunduki, akangoja. Mirambo hakuja.

Tazameni kilichoamua vita vile. Pande zote mbili zilikuwa na magobore. Bunduki hizo zilipanda bara kwa mabega ya wapagazi, zikalipwa kwa pembe zilizoshuka pwani kwa mabega hayohayo. Siku ile ya Ulyankulu aliyeshindwa ni yule aliyekuwa na mzigo.

Habari ya Livingstone nayo ni habari ya mzigo. Yeye na Stanley walifika Kwihara pamoja Februari 1872. Stanley akaondoka Machi. Mzee akabaki hadi Agosti. Alikuwa akingoja nini miezi yote hiyo? Alikuwa akingoja wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Alipowapata, akaondoka, na Oktoba 1873 akarudi Kwihara akiwa maiti, amebebwa na watumishi wake Chuma na Susi pamoja na wenzao kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Waliendelea naye mpaka Bagamoyo, ng'ambo ya nchi yenye vita, njaa na maradhi. Bila mabega hayo, lisingekuwapo kaburi lake katika kanisa la Westminster. Jina lililobaki kwenye jengo ni la aliyebebwa.

Baada ya hapo walikuja Wajerumani. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga hadi Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa na kikosi cha Tom von Prince, naye akaiwasha baruti ndani yake asikamatwe mzima. Hapo ndipo njia ya msafara ilipotoka mikononi mwa wenyewe.

Septemba 1916

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Wazungu walipoanza kupigana wao kwa wao na vita vikaletwa Afrika, mji huu uligeuka makao ya serikali ya Kijerumani iliyokuwa ikirudi nyuma. Katika karakana ya reli hapa Tabora, mwaka 1916, zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Leo sarafu hizo hutafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima na hulala juu ya mahameli katika makabati ya kioo.

Septemba ya mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, chini ya Charles Tombeur, liliujia mji kwa vikosi viwili, kimoja cha Molitor na kingine cha Olsen. Walipigana na Wajerumani Usoke, Lulanguru na Itaga. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Septemba kamanda wa Kijerumani, Kurt Wahle, aliondoa watu wake akaelekea kusini, na Wabelgiji wakaingia. Tombeur alikuja kupewa cheo cha ubaroni chenye jina la Tabora ndani yake, na katikati ya Brussels kuna mtaa unaoitwa Tabora. Mbelgiji anaweza kununua kahawa katika mtaa huo kila siku ya maisha yake. Mtoto wa Usoke anapanda treni katika stesheni ya Usoke bila kuambiwa kwamba watu walikufa hapo.

Tena waliokufa walikuwa Waafrika kwa wingi, pande zote mbili. Nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi wa kubeba risasi, chakula, dawa, mahema na mara nyingi majeruhi. Wabelgiji walitumia wapagazi wapatao 260,000 katika vita vile. Waingereza waliandikisha wapatao milioni moja, na vifo vilivyoingizwa katika hesabu rasmi vilizidi 95,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na posho mbovu: unga ambao haukuiva, au chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Mtu wa Tabora aliweza kuchukuliwa na Mjerumani, akanusurika, kisha akachukuliwa na Mbelgiji mwaka uliofuata vita vilipohamia Mahenge. Kule Ugogo majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Ikafuata njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliyoua watu wasio na idadi ndani ya nyumba zao wenyewe. Katika ramani za kijeshi za vita vile Mtunya haimo, kwa kuwa ramani hizo huonyesha mishale ya vikosi. Njaa haina mshale.

Dunia inavyoonyesha vita

Tukubaliane kwamba tatizo hili halikuanzia kwetu. Jumba la vita la London, Imperial War Museum, liliasisiwa mwaka 1917 vita vikiendelea. Tangu mwanzo lilikusudiwa lieleze juhudi za wote, na kwa kiasi fulani limefanya hivyo. Hata hivyo anayeingia ukumbi mkuu macho yake huchukuliwa kwanza na ndege ya Spitfire na roketi ya V2. Chuma kikubwa kinavutia. Mtu hutoka akijua ndege ilikwenda kasi gani, asijue bomu liliangukia jikoni mwa nani.

Lakini katika jumba hilohilo kipo kitu kimoja kidogo kinachonipa matumaini. Ni gari lililoungua na kupondeka, lililotolewa Baghdad, mtaa wa al-Mutanabbi, ambao ni soko la vitabu. Bomu lililipuka hapo tarehe 5 Machi 2007 likaua wauza vitabu na wanunuzi. Msanii Jeremy Deller alilizungusha gari hilo Marekani, akisafiri na raia mmoja wa Iraki na askari mmoja wa Marekani ili watu wawaulize maswali. Gari hili halikumpiga mtu. Lilipigwa. Ukilisimamia huna la kusifu, unabaki kuuliza nani alikuwa ndani.

Hapa nyumbani Wajerumani waliisimamisha Dar es Salaam sanamu ya gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann, ambayo baadaye iliishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha katika miaka ya 1960. Mahali pake Waingereza waliweka, mwaka 1927, sanamu ya Askari tunayoijua wote, bunduki mkononi. Sanamu ya namna hiyo iliyoko Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam, ambako Kariakoo nzima ilikuwa kambi ya wapagazi, aliyepandishwa juu ya jiwe ni mwenye bunduki peke yake.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Sababu haikuwa ukosefu wa mawe. Kulikuwa na maofisa walioandika kwamba mpagazi Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina. Januari 2025 tume hiyo ilizindua Cape Town ukumbusho wa vibarua wa vita wa Afrika Kusini: nguzo za mti wa mvule, kila nguzo na mtu wake, jumla majina 1,772. Mvule unaota kwetu. Majina ya kwetu bado.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Makumbusho ya vita yanayosahau mpagazi yanafanya kazi hiyo hasa: yanatuonyesha mzigo wa mwenzetu ukiwa usufi.

Ulyankulu, mara ya pili

Sasa nifike vita vya kisasa, maana mwaka 1916 haukuishia 1916. Wabelgiji walikuwa na nia ya kuishika Tabora ili waitumie katika mapatano ya baadaye. Mji waliwakabidhi Waingereza, na mwisho wa mazungumzo wao walibaki na Ruanda-Urundi. Huko waligandisha ukabila katika vitambulisho na vyeo. Siasa za Burundi baada ya uhuru zina wenyewe wa kuzijibu, wala sitaki kumbebesha Tombeur kila kosa. Lakini mwaka 1972, serikali ya Micombero ilipojibu uasi kwa kuua Wahutu zaidi ya laki moja, waliokimbia walivuka mpaka wakapokewa na serikali yetu, na sehemu kubwa yao ikapelekwa Ulyankulu.

Ndiyo Ulyankulu ileile ya 1871. Safari hii walifika watu wenye watoto mgongoni, wakapewa mashamba katika miombo, wakafyeka, wakalima mahindi na tumbaku. Makazi yalipimwa kwa barabara zenye namba. Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, ambayo wengi wetu tumeisikia redioni, imebeba anwani hiyo hadi leo. Makazi mengine yakafunguliwa Katumba na Mishamo. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia watu wapatao 162,000 kati ya hao na wazao wao.

Ziwani napo kuna shahidi. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapita hapa Tabora kwa treni hadi Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Mwaka 2015, machafuko yalipotokea tena Burundi, meli hiyohiyo ndiyo iliyowachukua wakimbizi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma. Silaha ya 1915 iligeuzwa chombo cha kuokoa. Jumba lolote la vita lingejivunia kitu chenye historia hiyo.

Ulyankulu ingeonyeshwaje basi? Hapa panahitaji uangalifu. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti kati ya wakimbizi wa 1972 katika miaka ya 1980, alikuta mambo mawili tofauti kwa watu wa asili moja. Walioishi pamoja Mishamo walikuwa wameijenga historia ya mateso yao kwa ufasaha, wakaisimulia kwa kauli moja. Wenzao walioishi Kigoma mjini, wamechanganyika na watu, hawakutaka kutambulishwa kwa historia hiyo, walitaka kuishi. Jumba likichukua sauti za Mishamo peke yake, litakuwa limewasemea na wa Kigoma bila idhini yao. Likichukua ukimya wa Kigoma peke yake, litakuwa limefuta mauaji. Mtu mwenye haki ya kukumbuka ana haki pia ya kunyamaza, na mwenye jumba anapaswa kuzibeba haki zote mbili.

Nchini Rwanda, pale Murambi, miili ya waliouawa mwaka 1994 imehifadhiwa ionekane, kwa sababu wapo wanaokana kwamba mauaji yale yalitokea. Naielewa hoja hiyo. Kalenga, karibu na Iringa, fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limo ndani ya kioo, nalo lina maana yake kwa Wahehe. Lakini kwetu maiti husitiriwa. Kwa Ulyankulu ningependelea jembe la kwanza lililofyeka pori, cheti cha uraia ambacho mwenyewe ameridhia kionekane, na sauti ya bibi anayesema alivuka mto akiwa amebeba nini.

Kagera na mkanda

Vita vya Kagera ni vyetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Askari wetu wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na tarehe 25 Julai kila mwaka taifa huwakumbuka mashujaa wake. Heshima hiyo ni haki yao, wala hoja yangu haiwapunguzii chochote.

Ninaloongeza ni kwamba vita vile vilibebwa pia na watu wasiofika Kagera. Malori na mabasi yalichukuliwa kupeleka askari na chakula. Baadaye Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Wenye umri wangu mnakumbuka foleni za sukari, nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai, na msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, watu walipotupa bidhaa porini usiku. Vita havikuwa sababu pekee; kulikuwa na ukame, bei ya mafuta na makosa ya sera. Lakini jumba la vita vya Kagera lisilo na chumba cha foleni litamfundisha mtoto kwamba vita ni vya miezi michache, bei yake imelipwa na askari tu. Mtoto huyo atakapokuwa kiongozi, atavitangaza vita kwa wepesi.

Hapo ndipo ninapoona faida ya kipimo cha mzigo. Kinamheshimu aliyepigana na kumhesabu aliyelipa, na kinamzuia mtawala kusema vita vilikuwa rahisi.

Yapo mapingamizi mawili nayatarajia. La kwanza: vijana hawalipi kiingilio kutazama magunia, wanataka bunduki. Basi bunduki iwekwe. Iwekwe gobore moja, na kando yake pembe iliyolinunua na kamba iliyofungia mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, uliotembea miezi mitatu kutoka Bagamoyo. Kijana ajaribu kuuinua mzigo huo. Ataelewa vita vya 1871 kwa dakika moja. Pingamizi la pili: kufufua habari hizi kutatonesha vidonda. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, mahali walipozikwa mashujaa wa Majimaji walionyongwa Februari 1906, akaomba radhi. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu watu wa Songea walikuwa wameyatunza makaburi na jumba lao kwa miongo mingi, wakajua majina ya watu wao. Radhi huombwa kwa mtu aliyejulikana. Mpagazi asiye na jina haombwi radhi na yeyote.

Mapendekezo

Naleta manne, yote ya kazi.

Kwanza, tembe la Kwihara liongezewe maelezo ya vita vya 1871 na ya wapagazi, Chuma na Susi wakiwa mbele. Hilo halihitaji jengo jipya. Linahitaji mbao za maelezo na mtembeza wageni aliyesoma.

Pili, Usoke, Lulanguru na Itaga ziwekewe alama za Septemba 1916 kwa Kiswahili, zitaje askari na wapagazi wa pande zote. Ubelgiji na Ujerumani zina nyaraka za vita vile. Wizara na mabalozi wetu waombe nakala za orodha za wapagazi, zije zihifadhiwe hapa.

Tatu, wazee wa Ulyankulu warekodiwe kwa masharti yao: anayetaka sauti yake isikike leo, isikike, anayetaka ifungwe hadi wajukuu wake wakue, ifungwe.

Nne, walimu wa historia wa shule za mkoa huu wawape wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja aulize nyumbani nani katika ukoo alibeba, alikimbia, alipigana au alipanga foleni, aandike jina, mahali na mwaka. Madaftari hayo yakikusanywa shule kwa shule, mkoa utakuwa na orodha ambayo haipo London wala Brussels.

Hili la nne ndilo ninaloliombea zaidi, kwa kuwa halisubiri bajeti. Waliouona mwaka 1972 wakiwa watu wazima sasa wamevuka miaka 70. Likizo ijayo isipite bure.